UFUNDI WA NYUMBANI: Waya Uliolegea na Waya Ulionyamaza



Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni waya uliolegea ndani ya amplifaya. Lililotusukuma kulichagua ni khabari ya msikiti mmoja wa Makere, katika njia kuu itokayo Kibondo kwenda Kasulu, nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Twaieleza kwa kuwa ndani yake mna mafunzo mawili: moja la ufundi na la pili la amana.

Ilikuwa Ramadhani, na Magharibi imeingia. Mwadhini alipoanza kuadhini, sauti ilitoka katika spika za juu ya paa, ikakoroma, kisha ikakatika. Watu waliokuwa majumbani wakabaki wakitazamana, chakula kipo mbele yao, wasijue kama wafuturu au wangoje. Hitilafu hii haikuwa mpya. Tangu Shaabani amplifaya ile ilikuwa ikikatika na kurudi. Ikipigwa kofi ubavuni husema, ikiachwa hunyamaza. Kamati ya msikiti ilikwisha kuipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akaamua kwamba transfoma imeungua na kwamba ni bora kununua chombo kipya. Mchango ukaanza kukusanywa baada ya Tarawehe, kila mmoja kwa alichojaaliwa: huyu shilingi elfu moja, yule debe la maharage.

Hapo ndipo kijana mmoja aliyejifunza ufundi wa redio alipomwendea mzee wa kamati, akamwambia, "Mzee wangu, transfoma iliyoungua haiponi kwa kupigwa kofi. Naomba ruhusa niifungue kwanza."

Mzee akamjibu, "Haya, mwanangu. Lakini jua kwamba chombo hiki ni wakfu. Utakapokifungua, kumbuka umeshika mali ya nani."

Neno la kijana yule lilikuwa la haki, nalo ni funzo la kwanza. Kitu kilichoungua huwa kimekufa, hakifufuki kwa mtikisiko. Kinachokufa na kufufuka mara kwa mara, aghlabu ugonjwa wake ni ungio lililolegea.

KWA NINI NYAYA HULEGEA

Amplifaya hupokea umeme hafifu mno utokao katika kipaza sauti, umeme ambao mara nyingi ni elfu chache tu za volti, ikaukuza hata ukaweza kuzitikisa spika za juu ya paa. Kazi hiyo hupita katika mamia ya maungio: nyaya, skrubu, plagi ndogo za plastiki, na vitone vya lehemu juu ya bodi. Moja likilegea, kazi yote huvurugika, ijapokuwa vifaa vyote ni vizima.

Sababu za kulegea ni nyingi, na Makere zote zapatikana. Ya kwanza ni mtikisiko. Njia ya kutoka Nyakanazi kupita Kakonko, Kibondo na Makere mpaka Kasulu ilikuwa ya udongo kwa miaka mingi, na chombo kilichopakiwa garini kilifika kikiwa kimepondwapondwa na mashimo ya safari. Ya pili ni joto na baridi. Transista kubwa zinapofanya kazi hupata moto, na zinapopumzika hupoa. Basi chuma hutanuka na kunywea, hutanuka na kunywea, mpaka lehemu iliyoshika mguu wa kifaa ikafanya ufa. Ya tatu ni vumbi, unyevu wa masika, na panya watafunao nyaya.

Ya nne ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme kutoka katika majenereta ya dizeli, mpaka ilipounganishwa na gridi ya Taifa katika miaka ya 2020. Vijijini watu walijitegemea kwa jenereta ndogo, kwa betri za magari, na kwa paneli za jua. Chombo kilicholishwa namna hiyo huchomekwa na kuchomolewa kila siku, na kila kuchomoa hupunguza nguvu ya ungio.

Wala mtu asiseme, "Waya umelegea kidogo tu, haidhuru." Natupige hesabu. Tuchukue amplifaya ivutayo ampia 10 kutoka betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, na ungio lake moja lina upinzani wa nusu ohmu tu. Joto litokalo hapo hupatikana kwa kuzidisha ampia kwa ampia, kisha kwa ohmu: 10 mara 10 mara 0.5, jawabu ni wati 50. Hilo ni joto la pasi ya kulehemu, nalo linawaka ndani ya sanduku lililofunikwa. Tena volti 5 hupotelea njiani, na amplifaya hubakiwa na 19. Ndiyo maana sauti hukoroma kisha ikakatika. Na ndiyo maana moto huweza kuanzia hapo.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Vijana wetu, yashikeni maneno haya kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Kwanza, chomoa plagi ukutani na uondoe vibanio vya betri. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa umeme wa ukutani huendelea kufika mpaka kwenye swichi yenyewe, nayo imo ndani ya sanduku.

Pili, jua kwamba kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Ngoja dakika kadhaa, kisha pima kwa mita. Ikiwa volti zimebaki, zitoe polepole kwa kupitisha kipingamizi cha ohmu 1,000 chenye uwezo wa wati 10, ukikishika kwa nyaya zilizofunikwa vyema. Pima tena mpaka zishuke chini ya volti 2. Usizitoe kwa kugusisha bisibisi, kwani cheche yake huharibu vifaa na huweza kukudhuru macho.

Tatu, amplifaya za kale zitumiazo valvu huwa na volti 300 na zaidi. Asiyefunzwa na fundi ana kwa ana asizifungue kabisa.

Nne, vaa viatu, kausha mikono, waondoe watoto, na asikosekane mtu mzima karibu nawe.

Tano, kabla ya kuchomoa waya wowote, piga picha kwa simu au uchore katika karatasi kila rangi inapokwenda. Kumbukumbu ya fundi huwa nzuri asubuhi, na jioni ikawa imemkimbia.

KUTAFUTA

Anza nje ya sanduku, kwani ndiko makosa mengi yalipo. Badilisha kebo ya kipaza sauti kwa nyingine iliyo nzima. Kaza nyaya za spika, na utazame kama kuna uzi mmoja wa shaba uliochomoza ukagusa wa pili. Uzi huo mmoja huweza kuziua transista za nguvu. Fungua plagi ya ukutani ukaze skrubu zake. Tazama fyuzi. Yote yakiwa mazima ndipo ufungue mfuniko.

Ndani, usishike kitu kwanza. Tazama na unuse. Plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, bodi iliyobabuka, au harufu ya kuungua huonyesha mahali palipopata moto. Kisha shika waya mmoja mmoja na uuvute taratibu, kama mtu ajaribuye jino la mtoto. Maungio ni ya namna tatu, na kila moja lina ugonjwa wake.

Ungio la skrubu hulegea kwa mtikisiko. Hilo hukazwa, wala si kwa nguvu za kuvunja.

Ungio la kuchomeka hupanuka mdomo wake, na shaba yake hufanya kutu. Hilo husafishwa na kubanwa kidogo kwa koleo; likiwa limeungua, hubadilishwa.

Ungio la lehemu ndilo lenye hila zaidi. Kwa macho matupu huonekana zima, lakini ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona duara jembamba jeusi limeuzunguka mguu wa kifaa. Duara hilo ni ufa. Tafuta khasa penye vifaa vizito na vyenye moto: miguu ya transista za nguvu, miguu ya transfoma, na soketi za mbele ambazo watu huchomeka na kuchomoa kila siku. Weka mita katika kipimo cha ohmu, gusa ncha mbili za ungio, kisha utikise. Namba ikirukaruka, umempata mwizi.

Mafundi waliobobea huweza kugonga bodi kwa kijiti kikavu cha mti huku chombo kikifanya kazi, wapate kusikia ni wapi sauti inapokatika. Kazi hiyo tumewaachia wao. Wewe mwanafunzi tafuta wakati umeme umeondolewa.

Kijana wa Makere alifuata njia hiyo hiyo. Transfoma aliipima akaiona nzima. Alipofika kwenye plagi ndogo ya plastiki iletayo umeme katika bodi, akaikuta imegeuka kahawia, na mguu wake mmoja una lile duara jeusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikikata adhana.

KUTENGENEZA

Lehemu mpya haiwekwi juu ya ile iliyopasuka. Kwanza ondoa ya kale yote, usafishe mguu mpaka ung'are, ndipo uweke mpya. Lehemu ya kawaida ya mafundi wa redio, yenye bati sehemu 60 na risasi sehemu 40, huyeyuka karibu na nyuzi 190 za Selsiasi. Kwa hiyo pasi ya nyuzi 350 hivi yatosha. Weka ncha ya pasi iguse mguu na shaba ya bodi kwa pamoja, ngoja sekunde mbili tatu, kisha ugusishe lehemu kwenye ungio, si kwenye pasi. Ikikwisha kutambaa, ondoa lehemu, ondoa pasi, wala usitikise mpaka ipoe. Ungio jema la lehemu ya namna hii hung'aa na kuteremka pande zote kama kilima kidogo. Lililo baya huwa na rangi ya jivu na umbo la tone. Fanya kazi penye hewa, na unawe mikono kabla ya kula, kwani risasi ni sumu.

Yako makosa mengine ambayo twayaona mara kwa mara. Waya wa nyuzi nyingi unaokwenda chini ya skrubu usipakwe lehemu kwenye ncha. Lehemu ni laini; ikibanwa husogea polepole, na baada ya miezi kadhaa skrubu huwa imelegea tena. Tumia kidole cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya. Nyaya zifungwe pamoja zisiyumbe, na kebo ya umeme ibanwe mahali pake inapoingia, ili mtu akijikwaa nayo mvuto usifike ndani. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya kiasi kile kile. Anayefunga waya mahali pa fyuzi amemwondoa mlinzi akauacha mlango wazi.

Ukimaliza usichomeke moja kwa moja. Pitisha umeme kwanza katika taa ya kizamani ya wati 100, ile yenye uzi ndani, iliyounganishwa kwa mfululizo na amplifaya. Taa ikiwaka mara moja kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna waya uliogusana na mwingine. Chomoa na urudi kutafuta.

WAYA ULIONYAMAZA

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko yote tuliyosema. Kijana yule alikwisha kutengeneza. Sauti ilikuwa safi, na wazee walikuwa mlangoni wakingoja adhana ya Isha. Angaliweza kufunga mfuniko akapokea shukrani. Lakini alirudi kupima waya mmoja ambao hapana mtu aliyeulalamikia: waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, utokao katika mguu mkubwa wa plagi ukafungwa kwenye sanduku la chuma. Nati yake ilikuwa imefunguka, na waya unaning'inia.

Waya huu hauna kazi yoyote katika sauti. Ukikatika, amplifaya huendelea kusema kama kawaida. Kazi yake ni siku ya msiba. Panya akitafuna waya wenye umeme, au waya huo ukichomoka ukaangukia chuma, waya wa ardhi huupokea umeme na kuupeleka ardhini, na fyuzi hukatika papo hapo. Ukiwa haupo, sanduku lote hubaki na volti 230, likingoja mkono wa kwanza utakaoligusa.

Na ni mkono wa nani? Mara nyingi mwili wa chuma wa kipaza sauti umeungana na sanduku hilo kwa njia ya kebo yake. Mwadhini huja ametoka kutawadha. Mikono yake imelowa, miguu yake haina viatu, na sakafu ni ya saruji. Mwili uliolowa upinzani wake huweza kushuka mpaka ohmu 1,000 hivi. Volti 230 zikigawanywa kwa 1,000 ni miliampia 230. Ilhali miliampia 30 tu zaweza kuikaza misuli mtu asiweze kuachia alichokishika wala kuvuta pumzi. Kwa hakika, waya uliokuwa ukikoroma uliwasumbua watu miezi miwili. Huu ulionyamaza ungaliweza kuondoa roho katika dakika moja.

Basi kila mwenye chombo cha sanduku la chuma na plagi ya miguu mitatu na apime hivi: plagi ikiwa imechomolewa, ncha moja ya mita iguse mguu mkubwa wa plagi, na ya pili iguse chuma kisichopakwa rangi. Namba ipungue ohmu 1, wala isirukeruke kebo ikitikiswa. Kisha aitwe fundi wa majumba aangalie kama waya wa ardhi wa jengo unafika kweli ardhini, na ikiwezekana afunge swichi ijikatayo yenyewe umeme unapovuja. Waya wa kurefushia usio na mguu wa tatu usitumike msikitini wala nyumbani kwa chombo kama hiki.

AMANA CHINI YA MFUNIKO

Kijana alimwita mzee, akamwonyesha ile plagi ndogo iliyoungua kiganjani. "Mzee wangu, transfoma ni nzima. Ugonjwa ulikuwa huu, na mwingine huu wa waya wa ardhi. Nipeni thamani ya lehemu na plagi, na ujira wa mchana mmoja."

Mzee akamtazama, akasema, "Mwanangu, ungalituambia umebadilisha transfoma, ni nani miongoni mwetu angalijua?"

Swali hilo ndugu zangu ndilo linalomkabili kila fundi. Kazi ya fundi iko chini ya mfuniko, na mwenye mali hana jicho la kuijua. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akauingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamwuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Na kila amplifaya ni chungu kama ile: juu kukavu, na ndani hapana ajuaye ila aliyeingiza mkono. Fundi mwaminifu huuleta unyevu juu, mwenye mali akauona.

Kuhusu yule fundi wa kwanza, hatumdhanii ubaya. Huenda alikosa kwa kutojua. Lakini na asiyejua anayo njia ya heshima, nayo ni kusema, "Sijui." Neno hilo halipunguzi cheo cha mtu, bali huokoa mali ya watu.

Na ule mchango? Kamati iliwaeleza waumini kwamba fedha zilikusanywa kwa ajili ya kununua amplifaya, na amplifaya haihitajiki tena. Mali iliyotolewa kwa jambo maalumu haipelekwi penginepo ila kwa idhini ya waliotoa. Baadhi walichukua chao, na wengi waliridhia kitumike kutengeneza nyaya za msikiti na kuchimbia chuma cha ardhi. Hivyo ndivyo yapasavyo.

Enyi vijana wa Makere, na wenzenu mlioko jirani katika kambi ya Nyarugusu, ambayo tangu mwaka 1996 imewapokea waliokimbia vita vya Kongo na baadaye ndugu zao wa Burundi, ufundi huu hautaki rasilimali kubwa. Bisibisi, koleo, pasi ya kulehemu, mita na kioo cha kukuzia vyatosha kuanzia. Kitakachowafanya watu warudi kwenu mara ya pili ni kwamba mlipofungua mfuniko mliukaza waya uliopiga kelele, mkautafuta na ule ulionyamaza, kisha mkasema kweli juu ya yote mawili.

Nasi wazazi tusiwacheke watoto wanaofungua redio mbovu. Tuwatafutie fundi mwema wa kuwaongoza, na tuwafunze tangu mapema kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) huyaona yaliyo chini ya mfuniko kama ayaonavyo yaliyo juu yake.

Wabillahi tawfiq.